Rangi ya Majani ni Urithi wa Mama

Wahenga walinena kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Katika mimea mingi itoayo maua neno hilo ni kweli, hasa kwa rangi ya kijani ya majani.

Ndani ya chembe za jani mna vijimwili vidogo sana viitwavyo plastidi. Zile zenye rangi ya kijani hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa kuupikia mmea chakula. Hizo ndizo jiko la mmea. Zikikosa rangi hiyo, jani huwa jeupe, na jiko halina moto.

Mwaka 1909 mtaalamu wa Kijerumani, Carl Correns, alichunguza Mirabilis jalapa, mmea ambao maua yake hufunguka alasiri. Mimea yake ilikuwa na matawi ya kijani, matawi meupe na matawi ya mabaka. Mbegu za tawi la kijani zilitoa miche ya kijani, hata chavua ilipotoka tawi jeupe. Mbegu za tawi jeupe zilitoa miche myeupe mitupu, hata baba alipokuwa wa kijani. Nayo ilikufa akiba ya chakula cha mbegu ilipokwisha. Tawi la mabaka lilizaa aina zote tatu.

Sababu ni hii: urithi wa rangi ya ua umo katika kiini cha chembe, nao hutoka kwa wazazi wote wawili. Plastidi hukaa nje ya kiini, zikiwa na urithi wake zenyewe. Yai la mama huzibeba. Chavua kwa kawaida haizifikishi. Hata hivyo, mwaka huohuo Erwin Baur alionyesha kwamba katika pelagonia wazazi wote wawili huchangia. Katika misonobari, plastidi hutoka kwa baba.

Basi apendaye ua la mabaka asitegemee mbegu. Apande kipande cha tawi lenye mabaka, iwapo mmea wake huota hivyo. Wala asidhani batobato la mihogo ni urithi wa namna hii: hilo ni ugonjwa wa virusi uenezwao na inzi weupe na pingili zilizoambukizwa, na pingili hizo zisipandwe.

Naye aonaye mche mweupe mtupu kitaluni asijilaumu. Maji na mbolea haviwezi kuuokoa mche uliozaliwa bila jiko.