Mali Bila Daftari: Funzo la Gari Kuukuu

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukweli wa maneno hayo twauona kila siku katika mitaa yetu. Gari likishapitisha miaka kumi na mitano huitwa mkweche. Likisimama siku tatu kwa ubovu mdogo wa plagi au wa mpira wa maji, mwenyewe huanza kumtafuta mnunuzi wa vyuma chakavu. Haulizi kilichoharibika, wala haulizi ni nani aliyelitunza kabla yake. Huuliza tu bei ya jingine.

Sisi tukaao ufukoni mwa Ziwa Tanganyika tunaye shahidi wa kutukanya tabia hiyo. Shahidi huyo si gari bali ni meli. Meli tuijuayo leo kwa jina la Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Hapa iliungwa upya na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikiitwa Graf von Goetzen. Vita vilipowaelemea Wajerumani, tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili isitwaliwe na adui.

Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walifanya jambo moja la kukumbukwa. Walizipaka injini zake grisi nzito. Yamkini walitumaini kurudi siku moja na kuiinua. Hawakurudi. Waliokuja kuiinua mwezi Machi 1924 ni Waingereza, na kwa sababu ya grisi ile injini zilikutwa zingali zinatengenezeka. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilianza tena kazi kwa jina la Liemba. Mvuke wake ulikuja kubadilishwa kwa injini za dizeli katika miaka ya 1970, na mwaka 1993 ikafanyiwa matengenezo mengine makubwa. Vizazi vya watu wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu vimesafiri kwa chombo hicho. Basi na tuzingatie: matunzo ya kweli humfaa hata yule ambaye mtunzaji hakumjua.

Funzo hilo mimi sikulipata kwa kusoma habari za meli. Nililipata chini ya mwembe, uani kwetu Ujiji, kutokana na Land Rover ya marehemu baba. Ni ya aina ya Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na baba aliinunua mnadani ikiwa imekwisha kutumika. Wakati huo nilikuwa mtoto wa chuoni, na kazi yangu ilikuwa kushika taa na kumpa spana.

Magari ya aina ile yana fadhila moja kubwa: mtu mwenye akili timamu na mikono miwili aweza kuyatengeneza nyumbani. Hayana kompyuta. Injini ya petroli ina silinda nne zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, nazo huwaka kwa zamu isiyobadilika: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Nafasi ya pointi ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Nafasi ya valvu ni milimita 0.25. Mwenye kuzishika hesabu hizo, akawa na kibapa cha kupimia, jeki, spana na subira, amekwisha kuwa nusu fundi. Na betri ikifa, hendeli ya kuzungushia kwa mkono ipo.

Baba alikuwa na daftari. Kila alipobadilisha oili, kila alipotia grisi, kila alipokaza springi au kufungua kabureta, aliandika tarehe, kilomita na alichokiona. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyozoea wengi wa rika lake waliosoma chuoni kabla ya shule. Alipofariki nililirithi gari na daftari pia. Gari nililipenda. Daftari nililiweka juu ya kabati.

Mwaka wa pili wa urithi huo nilikuwa nikipanda milima ya kwenda Kasulu, nikiwa na abiria wanne na magunia. Mpira mmoja wa rejeta, ambao kwa wiki kadhaa ulikuwa ukitoa jasho nami nikiupuuza, ukapasuka. Sikutazama geji ya joto hadi moshi ulipojaa. Injini ikachemka, gasketi ya silinda hedi ikaungua, na hedi yenyewe ikapinda. Tulilala njiani. Kipuri cha bei ndogo kilinigharimu miezi mitatu ya kungoja, maana vipuri vya gari kuukuu kwetu huagizwa Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 1,250 kwa reli.

Fundi wa makamo aliyelinyoosha gari lile alikuwa mwanafunzi wa baba. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, mzee wako hakuandika?" Nikarudi nyumbani, nikaliteremsha daftari na kulipangusa vumbi. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko uliokwisha kutetemeka, ulikuwa na maneno haya: mpira wa juu wa rejeta umechoka, ubadilishwe kabla ya masika. Sina haja ya kueleza nilivyojisikia.

Kulikuwa na jambo jingine. Kijana wangu, niliyetaka asome ukurasa ule, hakuweza. Herufi hakuzijua kwa Kiswahili. Ndipo nilipotambua kwamba maarifa yaweza kuwa yameandikwa na bado yakapotea, iwapo yule ajaye hawezi kuyasoma. Kwa muda wa Ramadhani moja nililinakili daftari zima kwa herufi za Kirumi, yeye akiandika nami nikimsomea. Alipomaliza alikuwa amelijua gari kuliko mimi.

Daftari lenyewe halikukamilika, wala halitakamilika. Baba hakuandika habari za petroli isiyo na risasi, maana ilipofika mwanzo wa mwaka 2006, ndipo karibu nchi zote za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa zimeacha petroli yenye risasi. Risasi ni sumu kwa watoto wetu, na kuondolewa kwake ni jambo la kushukuru. Lakini injini nyingi za zamani ziliitegemea kulinda viti vya valvu. Kwa hiyo mwenye gari kuukuu hapana budi apime nafasi ya valvu mara kwa mara. Akiona inazidi kupungua, ajue viti vinaliwa, na asilikimbize gari lenye mzigo mzito. Hayo tumeyaongeza sisi.

Ndugu zetu wa visiwani nao wana ukurasa wao wa kuandika. Sisi adui yetu ni vumbi jekundu na matope. Wao ni chumvi. Wengi hudhani kuwa bodi ya alumini haina la kuogopa. Ni kweli haishiki kutu kama chuma, lakini imefungwa juu ya fremu ya chuma, na alumini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa upesi. Dawa yake ni kuosha uvungu kwa maji baridi ya kisima au ya bomba, kuzibua matundu ya kutolea maji katika fremu, na kupaka rangi kila palipochubuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pia yafaa tuonyane juu ya usalama. Matengenezo ya nyumbani si ruhusa ya uzembe. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Aweke magogo imara. Petroli isimwagwe karibu na jiko la mkaa. Na oili chafu isitupwe mferejini. Ziwa letu lina kina cha mita zipatazo 1,470, na maji yake huchukua karne nyingi kubadilika. Tukitiacho humo leo watakikuta wajukuu wetu, pamoja na dagaa na migebuka yao.

Sasa twageukia ndugu zetu watumishi wa serikali. Siku moja niliingia katika uwanja wa ofisi moja, nikakuta gari la umma limekaa juu ya matofali, majani yamepita katikati ya magurudumu. Niliuliza ugonjwa wake. Dereva aliyekuwapo alisema alilikuta hivyo. Aliyemtangulia amehamishwa. Kitabu cha safari kilikuwapo, kimejazwa kilomita, majina na sahihi. Lakini habari ya ugonjwa wa gari hapakuwa na mstari hata mmoja.

Gari la mtu binafsi lina mwenyewe, naye hulisikia linapokohoa. Gari la umma hubadilisha madereva na wakubwa, na kila abadilikaye huondoka na alichokijua kichwani. Hilo ndilo liuwalo mali yetu kabla ya umri wake. Si lazima tungoje fedha nyingi wala wataalamu kutoka mbali ili kulirekebisha. Daftari la shilingi chache likae ndani ya kila gari, liandikwe na dereva kwa lugha nyepesi: nini kimesikika, nini kimebadilishwa, nini kingoje masika na nini kisingoje. Mkuu wa ofisi alisome na kutia sahihi kila mwezi. Anayehama akabidhi daftari kabla ya kukabidhi ufunguo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo twaikariri sana mbele ya wenye maduka. Tumesahau kuwa inawahusu pia wenye magari, mashine za kusaga, mitambo ya maji na maboti ya zahanati.

Land Rover ya uani kwetu ingali inakwenda. Haiendi kasi, na mlimani huomba gia mapema. Wiki iliyopita kijana wangu alibadilisha mipira yote miwili ya rejeta ingawa hakuna uliopasuka. Nilipomuuliza sababu, alinifungulia daftari. "Zimebaki wiki tatu masika yaanze, Baba," akasema, kisha akaandika tarehe.