Abdul Sheriff na Historia ya Dola ya Biashara ya Zanzibar

Profesa Abdul Sheriff, mwanahistoria mzaliwa wa Zanzibar, ni miongoni mwa wasomi waliobadili namna historia ya Afrika Mashariki inavyoandikwa, kwa kuwa aliichunguza Zanzibar kupitia bei, ushuru na jasho la watumwa badala ya kuhesabu nasaba za masultani. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1971, akafundisha historia kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wasomi wa kizazi chake walijadili kwa kina chanzo cha umaskini wa Afrika.

Kitabu chake mashuhuri, *Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar*, kilichotoka mwaka 1987, kinahusu kipindi cha 1770 hadi 1873, mwaka ambao mkataba na Uingereza ulipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Sheriff anaonyesha kwamba katika karne ya 19 bei ya pembe za ndovu ilipanda mfululizo, ilhali bei ya bidhaa za viwandani, hasa merekani, yaani kitambaa cha pamba kilicholetwa kutoka Marekani, haikupanda kwa kiwango hicho, na pengo hilo likawa faida ya wafanyabiashara wa Zanzibar. Miongoni mwao walikuwamo Wahindi kutoka Kutch, kama nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha kwa kumlipa Sultani kiasi kilichopatanwa na kubaki na haki ya kukusanya ushuru. Hata hivyo, faida hiyo, pamoja na ile ya karafuu zilizolimwa na watumwa Unguja na Pemba, ilitegemea masoko ya ng'ambo, ndiyo maana dola ya Zanzibar haikuweza kuhimili shinikizo la Uingereza.

Historia hiyo inaigusa pia bara, kwani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, nchi kame ambamo watemi, wakiwa na mamlaka juu ya maji na chakula, walitoza hongo, yaani ushuru wa njia uliolipwa kwa vitu kama nguo na shanga.

Baadaye Sheriff alisimamia makumbusho ya Zanzibar, akahariri kitabu kuhusu historia na uhifadhi wa Mji Mkongwe, na mwaka 2005 akatunukiwa Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu utamaduni wa majahazi alieleza jinsi kaskazi na kusi, pepo za msimu, zilivyowaunganisha watu wa Bahari ya Hindi kwa biashara, ndoa na dini.

Thamani kuu ya kazi yake ni kuthibitisha kwamba pwani na bara zilijengwa na uchumi mmoja, hivyo wapagazi na watemi wa Ugogo wanastahili nafasi katika historia ya Zanzibar sawa na matajiri wa forodhani.