Mtihani wa rasilimaliwatu na maneno yanayofanana

Kwa miezi mitano sasa, kila Jumamosi baada ya saa nane, ninawasaidia watu saba wanaojiandaa kufanya mtihani wa cheti cha usimamizi wa rasilimaliwatu. Wanne ni wa hapa Butembo na tunakaa nao darasani. Watatu wako Beni, nao tunaongea kwa simu mtandao unapokubali. Wote tayari wana kazi katika ofisi za wafanyakazi: mmoja yuko hospitalini, mmoja kwenye kampuni ya kahawa, waliobaki wako katika mashirika ya misaada. Waliniita kwa ajili ya Kiingereza tu. Ninaandika makala haya kwa kuwa nimeona humo jambo linaloihusu fakulte yetu kuliko tunavyofikiri.

Kwanza, mtihani wenyewe. Sheria ya Kongo haimdai mtu cheti hicho ili ashike ofisi ya wafanyakazi. Kenya wanakidai: tangu sheria yao ya mwaka 2012, anayefanya kazi hiyo anatakiwa aandikishwe na taasisi ya taaluma yake, IHRM, na kuna mitihani maalumu ya kufikia hapo. Marekani kuna vyeti vya mashirika mawili yanayoshindana, SHRM na HRCI. HRCI wana kimoja kiitwacho aPHRi, ambacho kimetungwa kwa watu walio nje ya Marekani na hakidai miaka ya uzoefu. Hicho ndicho wengi wa kundi langu wanakitafuta. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kijana wa Beni anashindania nafasi na watu wa Kampala na Nairobi, na karatasi yenye jina linalojulikana inasaidia.

Nilitegemea kwamba kikwazo kingekuwa maneno mageni. Kumbe maneno mageni hayana shida: mtu akikuta neno asilolijua, anasimama na kuliuliza. Yanayomwangusha ni yale anayodhani anayajua kwa sababu yanafanana na Kifaransa cha ofisini kwake.

Chukua "engagement". Katika Kifaransa cha sheria yetu ya kazi, neno hili ni kuandikwa kazi. Katika mtihani wa Kiingereza ni jinsi mfanyakazi anavyoipenda kazi yake na kujitoa kwa ajili yake. Swali likiuliza namna ya kupima "engagement", wanafunzi wangu watatu walichagua jibu la kuhesabu mikataba mipya. Au "retention": Mfaransa ana "retenue", pesa inayokatwa kwenye mshahara, lakini Mwingereza anazungumzia kuwabakiza wafanyakazi wasihame. Ukivichanganya hivyo, utajibu kwamba kampuni nzuri ni ile yenye makato makubwa! "Compensation" wengi wanaisoma kama fidia ya ajali, kumbe mtihani unaita hivyo malipo yote ya mfanyakazi, mshahara na marupurupu. "Délai" ni muda uliowekwa, "delay" ni kuchelewa. "Stage" na "formation" wote mnazijua.

Kwa hiyo tuliacha kutafsiri kutoka Kifaransa. Tulianza daftari ambamo kila neno la Kiingereza linaelezwa kwa Kiswahili kwa kujibu maswali matatu: nani alitenda, kwa sababu gani, na nani anamdai mwenzake nini. Hapo ndipo Kiswahili kilipotushangaza. Neno "termination" halisemi ni nani aliyevunja mkataba, na msomaji lazima atafute mahali pengine katika swali. Kiswahili kinakulazimisha useme. Aliacha kazi: yeye mwenyewe. Aliachishwa: kuna mwingine aliyetenda, na viambishi -ish- na -w- ndivyo vinavyomfichua. Alifukuzwa: kuna kosa, au wanadai kuna kosa. Alipunguzwa: hakuna kosa, nafasi imekufa. Alisimamishwa: bado ni mfanyakazi, anangoja. Katika somo la mofolojia tunachora miti ya vitenzi hivi tukaiacha ubaoni. Mhasibu wa mishahara akikosea kiambishi kimoja, mtu anakosa pesa.

Maswali ya kuchagua jibu yana mtego mwingine. Mara nyingi majibu yote manne yanafaa, na neno dogo kama "first" au "best" ndilo linaloamua. Niliwatungia swali: mfanyakazi anamlalamikia msimamizi kwamba anamtukana, ufanye nini kwanza? Wa Beni wote watatu walisema: kuwaita wote wawili pamoja na mzee mmoja wa ofisi, wapatane. Kwetu huo ni uungwana, na sitawacheka. Mtihani lakini unataka umsikilize mlalamikaji peke yake, uandike, kisha uchunguze, kwa kuwa mnyonge akikalishwa mbele ya mkubwa wake hasemi yote. Tulibishana juu ya hilo saa nzima. Bado sijui kama tumekubaliana.

Kuna hatari inayonisumbua kuliko kushindwa mtihani, nayo ni kufaulu na kurudi ofisini na sheria ya watu wengine kichwani. Vitabu vingi vya kujisomea vimeandikwa Marekani, ambako katika majimbo karibu yote mwajiri anaweza kumaliza kazi ya mtu bila notisi. Kenya, anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi ya siku 28. Kwetu, Sheria ya Kazi Na. 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inahesabu namna nyingine kwa mkataba usio na kikomo: siku 14 za kazi, kisha 7 zaidi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Aliyetumika miaka minne ana siku 42. Akiondoka mwenyewe, anadaiwa nusu, siku 21. Tena ni siku za kazi. Atakayeandika "siku" tu katika barua ya Kiswahili amempunguzia mtu Jumapili zake zote.

Kifungu ninachowasomea kila mara ni kile cha vibarua. Anayeandikwa siku kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi katika miezi miwili, akiandikwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa hauna kikomo. Fikirieni miji yetu wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020: walinzi, wanyunyizaji wa dawa, waosha mikono ya watu kwenye vizuizi, wengi wakilipwa kwa siku. Kwa mtu wa namna hiyo, daftari la mahudhurio ni ushahidi. Kifungu kimeandikwa kwa Kifaransa ambacho yeye hakisomi. Anayekisoma ni yule wa ofisi ya wafanyakazi, na ndiye huyo anayekaa mbele yangu Jumamosi akijifunza "at will".

Tumeamua kwamba kila ukurasa wa daftari utakuwa na mstari wa nne chini ya maswali yale matatu: kwetu sheria inasemaje. Mtihani hautauliza hilo. Mmoja wa Beni alilalamika kwamba tunapoteza muda na tarehe yake iko karibu, na ana haki, maana ameshalipa dola zake na hazirudi. Kwake tumekubaliana asome Kiingereza mpaka siku ya mtihani, halafu arudi kujaza mistari iliyobaki wazi. Maneno tuliyo nayo ni 140. Kwa yale ya bima na pensheni tungehitaji mtu wa fakulte ya sheria atusaidie Jumamosi moja au mbili.