Joyce Chepchumba na Sekunde Moja ya London

Tangu timu yetu ya raga ya wanawake icheze katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na tena ya Tokyo mwaka 2021, vijana wameniuliza swali moja mara nyingi: mbona majina ya wasichana wa Kericho na Bomet hayasikiki sana katika mchezo huo? Jibu si gumu. Raga ya wachezaji saba yahitaji wenzako sita, mpira, uwanja ulio sawa, mwalimu, na nauli ya kwenda kukutana na wapinzani. Mbio zahitaji barabara na pumzi. Huku kwetu, ambako chai imetanda juu ya vilima vya kiasi cha meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, barabara haina mwenyewe, na pumzi mtoto huianza mapema, akienda shule.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kujua habari za mwanamke wa huku aliyeufanya mchezo kuwa kazi yake mbele ya mataifa, mimi nitakutajia Joyce Chepchumba, mzaliwa wa Kericho wa mwaka 1970.

Tazama London, Aprili 1997. Mwisho wa kilomita 42 ulikuwa umekaribia, na mbele yake alikuwapo Liz McColgan wa Uskoti, aliyeshinda mbio hizo hizo mwaka uliotangulia na ambaye watu wa kando ya barabara walikuwa wakimshangilia kama mtoto wao. Chepchumba alimpita hatua chache tu kabla ya utepe. Alitumia saa 2, dakika 26 na sekunde 51. McColgan, sekunde 52. Sekunde moja! Mchumaji wa chai hajafikisha mkono kikapuni, nayo imekwisha pita.

Wapo waliosema ni bahati. Lakini bahati haiji kila mwaka kwa mtu yule yule. Alishinda Chicago mwaka 1998, akarudi London mwaka 1999 akashinda kwa saa 2:23:22, na mwaka huo huo akashinda Chicago tena. Kisha ikaja Sydney, mwaka 2000. Naoko Takahashi wa Japani alichukua dhahabu, Lidia Simon wa Rumania fedha, naye Chepchumba akachukua shaba. Hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa amepata nishani ya Olimpiki katika marathoni kabla yake. Mwaka 2002, akiwa na miaka 31, alishinda New York.

Mimi naiona shaba ile kuwa jembe la kwanza shambani. Catherine Ndereba alifuata kwa nishani za fedha mwaka 2004 na 2008, na mwaka 2021 Peres Jepchirchir akaleta dhahabu. Hata hivyo, mashujaa wa kiume tunawataja hadi watoto wanawakariri, ilhali jina la Chepchumba wengi hulikumbuka baada ya kukumbushwa.

Lipo jambo jingine la kupima. Mkimbiaji akishinda, zawadi ni yake, na mwaliko wa mbio nyingine humfuata. Mchezaji wa raga hana njia hiyo. Hutegemea chama chake na wenzake. Wasichana wetu wa raga walikwenda Rio na Tokyo baada ya Afrika Kusini, mabingwa wa bara, kutoichukua nafasi yao. Wakawa wa 11 Rio, wa 10 Tokyo. Nafasi ya kupewa si aibu. Aibu ni kuipata na kulala.

Kwa hiyo tusiwalaumu mabinti wa Kericho na Bomet kwa kuchagua barabara. Walichagua mlango uliokuwa wazi. Tukitaka wapite na mlango wa raga pia, basi tuwapatie uwanja, mwalimu na mpira. Pumzi wanayo tayari.