Kwa Nini Mtu Huhama Mfumo Endeshi

Mfumo endeshi ni programu kuu iongozayo kompyuta. Mwenye steshenari mjini Tukuyu hauhami kwa mapenzi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 haizipokei rasmi mashine nyingi kuukuu, hata zikiwa nzima. Akibaki, flashi za wateja humletea virusi vipya ambavyo mfumo wake haukuzibiwa mwanya. Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hupatikana bure na huzikubali mashine hizo. Kizuizi ni nyaraka: barua iliyoandikwa kwa Word, ikifunguliwa kwa LibreOffice, mistari yaweza kusogea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, kazi ya kusifiwa. Lakini mteja haulizi lugha ya programu, huuliza kama barua itachapwa ilivyo.