Wapiganapo Tembo, Nyasi Huumia: Fikiri Kabla ya Kununua Deki

Ndugu msomaji, mshahara wa mfanyakazi huwa umekwisha kugawanywa kabla haujafika mfukoni. Kuna kodi ya nyumba, karo ya watoto, nauli na chakula. Kwa hiyo familia inapotenga fedha ili inunue deki ya kutazamia sinema nyumbani, fedha hiyo imenyimwa jambo jingine. Hapana budi basi kununua kwa akili. Katika jambo hili tunalo funzo kubwa kutoka Japani na Marekani, ambako kati ya mwaka 2006 na 2008 maelfu ya familia zilinunua deki nzuri, zisizo na hitilafu yoyote, kisha zikajikuta zimenunua kitu kisicho na kesho.

Chanzo cha mambo

DVD ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, wengi walidhani safari imefika mwisho. Lakini televisheni ziliendelea kuboreshwa, zikaja zile zenye kuonyesha picha ya mistari 1080, inayodhihirisha hata mkunjo wa shati la mchezaji. DVD, ambayo tabaka lake moja hubeba gigabaiti 4.7 tu, haikuweza kubeba filamu nzima ya namna hiyo kwa ubora uliotakiwa.

Dawa ilipatikana katika rangi ya mwanga. Deki ya DVD huisoma diski kwa mwali mwekundu wa leza. Mwali wa rangi ya samawati iliyokaribia zambarau ni mwembamba zaidi. Chukua mfano wa mtu mwenye kalamu nene na mwingine mwenye kalamu nyembamba: wakipewa karatasi za ukubwa mmoja, wa pili ataandika maneno mengi zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa diski mpya, ingawa upana wake ni ule ule wa DVD.

Wakubwa wa viwanda walikubaliana juu ya mwali huo, lakini hawakukubaliana juu ya diski yenyewe. Upande mmoja walisimama Toshiba na NEC na diski yao iliyoitwa HD DVD. Upande wa pili walisimama Sony, Panasonic, Philips, Samsung na wenzao na diski ya Blu-ray. HD DVD ilifuata umbo la DVD ya zamani, hivyo viwanda vilivyokuwapo viliweza kuitengeneza bila gharama kubwa ya mitambo mipya. Tabaka moja lilibeba gigabaiti 15. Blu-ray ilihitaji mitambo mipya, lakini tabaka lake moja lilibeba gigabaiti 25. Mwaka 2005 pande hizo zilizungumza ili zipate diski moja. Mazungumzo yakavunjika, na mzigo wa kuchagua ukamwangukia mnunuzi.

Mnunuzi katikati ya ugomvi

Mwaka 2006 deki zikaingia madukani. Huko Marekani, deki ya HD DVD ya Toshiba iliuzwa dola 499. Deki ya kwanza ya Blu-ray, ya Samsung, iliuzwa kiasi cha dola 1,000. Kwa macho ya kawaida, picha zake zilikuwa karibu sawa. Mwenye kutazama bei peke yake angesema shauri limekwisha.

Lakini deki bila filamu ni sanduku tupu, na hapo ndipo palipokuwa na kiini cha mambo. Universal ilitoa filamu zake katika HD DVD tu. Disney, Fox na kampuni ya Sony yenyewe zilitoa katika Blu-ray tu. Agosti 2007 Paramount, iliyokuwa ikitoa kwa pande zote mbili, ikahamia HD DVD. Baba aliyenunua deki moja alijifungia nje ya filamu nyingi za upande wa pili. Wakati huo huo, kila familia iliyomnunulia mtoto mashine ya michezo ya PlayStation 3, iliyotoka Novemba 2006, ilipata deki ya Blu-ray ndani yake.

Novemba 2007 baadhi ya maduka ya Marekani yaliuza deki za HD DVD chini ya dola 100, na watu wakazikimbilia. Tarehe 4 Januari 2008 Warner Bros. ikatangaza kwamba itabaki na Blu-ray peke yake. Katikati ya Februari maduka ya Walmart yakafuata. Tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ikasalimu amri. Deki iliyonunuliwa kwa furaha mwezi Novemba ilikuwa haijatimiza miezi minne nyumbani. Iliendelea kucheza diski zilizokuwapo na DVD za zamani, lakini filamu mpya zilikoma. Mwaka 2009 Toshiba yenyewe ilianza kuuza deki za Blu-ray.

Sony ilikwisha kuonja uchungu huo. Mkanda wake wa video wa Betamax, uliotoka mwaka 1975, ulishindwa na ule wa VHS wa kampuni ya JVC. Mwaka 1989 Sony ilinunua kampuni ya filamu ya Columbia, na vita vya pili vilipofika ilikuwa na filamu zake mkononi.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, kabla ya kuuliza bei, uliza ni nani anayetoa filamu za kuchezwa humo. Bei inayoporomoka ghafla huenda ikawa dalili ya mwenye mali kukata tamaa.

Pili, tazama ulicho nacho. Deki ya Blu-ray hucheza pia DVD. Deki ya DVD haiwezi kucheza Blu-ray. Kama televisheni yako ni ya zamani, isiyo na mistari 1080, hutaiona tofauti uliyoilipia.

Tatu, jihadhari na mipaka. Diski nyingi za Blu-ray zina alama za kanda: Afrika na Ulaya ziko kanda B, Marekani na Japani kanda A. Kwa DVD mpaka ni mwingine: Ulaya ni 2, Tanzania na Kenya ni 5. Basi deki aliyokuletea ndugu kutoka London huenda ikakubali Blu-ray ya dukani kwako na kuikataa DVD yako. Ijaribu kwa diski zako mwenyewe.

Nne, tambua kwamba hata mshindi huzeeka. Mwaka 2019 Samsung ilitangaza kwamba haitaleta tena deki mpya za Blu-ray katika soko la Marekani, kwani watu wengi wamehamia kutazama filamu kwa intaneti. Hata hivyo, diski uliyonunua ni mali yako, na haili bando kila unapoitazama.

Ndugu msomaji, wakubwa wakigombana tena, nawe huna haja ya haraka, kaa kando. Walionunua baada ya Februari 2008 waliziona filamu zile zile, bila kulipa mara mbili.