Plazma baridi na saratani ya kongosho: Kabla hujauza shamba, soma hapa

Huenda umetumiwa ujumbe kwenye simu unaosema kwamba wanasayansi wamepata mwale baridi wa kuua saratani ya kongosho. Ujumbe wa namna hiyo huwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana unaaminika haraka. Plazma baridi ni utafiti halisi, unaofanywa na vyuo vikuu na hospitali zenye sifa. Lakini utafiti bado si tiba. Familia isiyojua tofauti hiyo inaweza kupoteza pesa, na kibaya zaidi, kupoteza wiki ambazo mgonjwa angezitumia kupata matibabu yaliyopo.

Makala haya yanaeleza plazma baridi ni nini, utafiti wake umefika wapi, na mkaazi wa Mombasa afanye nini leo.

Plazma ni nini?

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Plazma tunayoizungumzia si ile sehemu ya maji ya damu ambayo mgonjwa huongezewa hospitalini. Ni jina moja, vitu viwili.

Barafu ikipata joto huwa maji, na maji yakichemka huwa mvuke. Gesi nayo ikipewa nguvu zaidi, kwa mfano kwa umeme, chembe zake huanza kuachana na elektroni zake. Hali hiyo ya nne ndiyo plazma. Radi ni plazma, na jua ni plazma. Mwanga mkali unaouona fundi akichomelea mkokoteni pale Kongowea pia ni plazma, na joto lake ni maelfu ya nyuzi.

Ila si plazma yote inayounguza. Ndani ya taa ya tyubu inayowaka dukani kuna plazma, na bado unaweza kuigusa tyubu hiyo usiungue. Plazma baridi ya kitabibu iko upande huo. Gesi kama heli au argoni hupitishwa kwenye kifaa kinachoshikwa mkononi kama kalamu, umeme ukaipiga, ukatoka mwale mdogo wenye rangi ya zambarau. Joto lake halizidi nyuzi 40 hivi, karibu na joto la mwili.

Inauaje seli za saratani?

Mwale huo ukikutana na hewa huzalisha chembe kali za oksijeni na naitrojeni. Kila seli ya mwili ina kiasi fulani cha chembe hizo na inajua kuzidhibiti. Seli ya saratani, kwa kuwa inakua mbio, tayari imelemewa nazo.

Fikiria mikokoteni miwili sokoni, mmoja umejaa hadi pomoni na mwingine una nafasi. Ukiongeza gunia moja kwa kila mmoja, ule uliojaa utavunjika ekseli na mwingine utaendelea na safari. Hilo ndilo tumaini la watafiti: kipimo cha plazma kinachoangusha seli ya saratani huku seli nzima zikistahimili.

Kwa nini kongosho?

Kongosho ni kiungo chenye urefu wa sentimita 15 hivi, kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Kazi yake ni kutengeneza insulini na majimaji ya kusaga chakula. Kwa sababu kimejificha, uvimbe wake unaweza kukua muda mrefu bila dalili. Wagonjwa wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, na duniani ni chini ya 20 kati ya 100 ambao hukutwa uvimbe wao ukiwa bado unaweza kuondolewa kwa upasuaji. Hata Marekani, wanaokuwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa ni takriban 13 kati ya 100.

Kwa hivyo watafiti wana sababu ya kutafuta njia mpya, na familia zina sababu ya kutaka kuamini kwamba imeshapatikana.

Utafiti umefika wapi?

Ujerumani, vifaa vya plazma baridi vimekuwa na idhini tangu mwaka 2013, lakini kwa kutibu ngozi na vidonda sugu, si kwa saratani ya kongosho.

Mwaka 2012, watafiti wa Orléans, Ufaransa, walichapisha matokeo ya majaribio kwa panya wenye saratani ya kongosho. Plazma ilipunguza kasi ya uvimbe kukua, na ilifanya vyema zaidi ilipotumiwa pamoja na jemsitabini, dawa ya saratani ambayo hospitali huitumia hadi leo.

Mwaka 2019, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu jaribio la kwanza la aina yake kwa binadamu. Wagonjwa 20 wenye saratani za aina mbalimbali zilizosambaa au kurudi walishiriki, Marekani na Israel. Madaktari waliwafanyia upasuaji kuondoa uvimbe, kisha wakapitisha plazma mahali ulipotolewa ili kuua seli zilizobaki. Lengo kuu lilikuwa kuona kama njia hiyo ni salama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Zingatia kwamba plazma ilikuja baada ya kisu. Haikuchukua nafasi yake.

Kuna kikwazo kingine. Athari ya plazma huishia juujuu, na kongosho liko ndani sana. Watafiti wanajaribu kuipitisha kwenye mirija myembamba, au kutumia maji yaliyopigwa plazma. Hadi sasa hakuna nchi iliyoidhinisha plazma baridi kuwa tiba ya kawaida ya saratani ya kongosho. Haitolewi katika hospitali za Kaunti yetu, na anayekuuzia kama tiba iliyothibitishwa hasemi kweli.

Somo la Loliondo

Wengi wanakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya, walipofunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Walikwenda kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500 za Tanzania. Kikombe kilikuwa cha bei nafuu. Gharama kubwa ililipwa na wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Leo ahadi inaweza kuja na mashine inayong'aa badala ya kikombe, lakini hatari ni ileile.

Ukiambiwa kuna "jaribio", uliza haya

1. Kibali kiko wapi? Utafiti wa tiba kwa binadamu nchini Kenya huhitaji kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI na idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Omba kuviona.
2. Daktari amesajiliwa? Unaweza kuthibitisha jina lake kwa KMPDC, baraza linalosajili madaktari.
3. Nalipa nini? Katika majaribio halali, kwa kawaida mshiriki hauziwi kitu kinachojaribiwa. Ukiambiwa utume laki kadhaa kwanza, simama.
4. Nimeelezwa kwa lugha ninayoielewa? Lazima usomewe faida na madhara, utie sahihi kwa hiari, na uwe huru kujitoa wakati wowote.
5. Naambiwa niache matibabu yangu? Usikubali kabla ya kuzungumza na daktari anayekutibu.

Dalili za kutopuuza

Fika kituo cha afya upesi ukiona:

- macho au ngozi kuwa manjano, mwili ukiwasha;
- mkojo mweusi kama chai ya mkandaa, na choo cheupe kama udongo;
- maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni;
- kupungua uzito na kukosa hamu ya chakula bila sababu;
- kisukari kilichoanza ghafla ukubwani, hasa kikiandamana na kukonda.

Dalili hizi si lazima ziwe saratani. Mawe kwenye mfuko wa nyongo au homa ya ini huweza kuleta manjano pia, na yote yanahitaji daktari. Usikae nyumbani ukibadilisha dawa za maumivu za dukani au za mitishamba mwezi baada ya mwezi.

Mkaazi wa Kongowea aanzie kituo cha afya cha Kongowea. Aliye Likoni aende Hospitali ya Likoni, na aliye Changamwe aende Port Reitz. Akihitaji vipimo zaidi, kama picha ya CT, au mtaalamu wa saratani, atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Coast General. Kama bado hujajisajili na SHA, piga *147# au umwombe mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako akusaidie. Aliyesajiliwa hapati bili kwa huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Matibabu ya saratani yanahitaji michango yako iwe imelipwa, kwa hivyo usingoje hadi uugue.

Kwa mgonjwa ambaye upasuaji hauwezekani, bado kuna la kufanya. Kemo huweza kumwongezea muda, kibomba kidogo huweza kufungua njia ya nyongo na kuondoa manjano na muwasho, na dawa kama mofini hutuliza maumivu. Coast Hospice hapa Mombasa husaidia wagonjwa na familia kwa huduma hiyo ya kupunguza mateso.

Na kwa walio wazima: acha sigara, kwani ndiyo chanzo kikubwa cha saratani hii kinachoweza kuepukika. Punguza uzito uliozidi na pombe. Kama ndugu zako wa damu wamewahi kuugua kongosho, mwambie daktari mapema, hata kama leo huumwi.